Bure si Huria: Istilahi za Michezo ya Zamani ya Kompyuta na Mwalimu wa Kiswahili wa Uvira

1. Utangulizi

Katika miaka ya 1980 na 1990, kabla intaneti haijaenea, ilitungwa michezo mingi ya kompyuta iliyotumia mfumo endeshi wa DOS na kusambazwa kwa disketi. Mingi kati ya michezo hiyo ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na michezo ya mafumbo, ambamo mchezaji hutafuta kwa kufikiri njia ya kufungua mlango au kutoka katika chumba alimofungiwa; na kulikuwa na michezo ya majukwaa, ambamo mhusika hukimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine huku akikwepa hatari. Leo michezo hiyo hutajwa kwa jumla kuwa ni ya bure.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo moja, bure, linafunika hali nne zilizo mbali mbali, na kwamba tofauti baina yake si jambo la wanasheria peke yao. Kwa mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuitumia michezo hii darasani, tofauti hizo ndizo zinazoamua iwapo ataweza kuufanya mchezo useme Kiswahili, au ataishia kuucheza katika Kiingereza.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, ukitazamana na Bujumbura ng'ambo ya maji. Tuna sababu mbili. Kwanza, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha huko wasemaji wa Kivira, Kifuliiru, Kibembe na lugha nyingine. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, ilhali Kifaransa ndicho lugha rasmi. Na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Pili, mchezo wa DOS kwa kawaida huenea katika disketi moja ya megabaiti 1.44, na huridhika na kilobaiti 640 za kumbukumbu. Mahali ambapo umeme hukatika, kompyuta ni chache na kila megabaiti ya intaneti hulipiwa, udogo huo ni faida kubwa. Flashi moja inayopita mkononi kwa mkono yaweza kubeba mamia ya michezo hiyo.

2. Biashara ya kionjo

Ili kuelewa hali ya michezo hii leo, yafaa kwanza tufahamu ilivyouzwa. Mwaka 1982, nchini Marekani, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja kwa upande wake, walianza kugawa programu zao bila ya duka. Mtu aliruhusiwa kuinakili programu na kumpa mwenzake. Aliyeridhika nayo aliombwa ampelekee mtunzi fedha. Mwaka 1983 Bob Wallace aliisambaza programu yake ya kuandikia kwa utaratibu huo huo, na akaueneza kwa jina la shareware, neno linalounganisha dhana ya kugawana na ile ya programu. Wakanada wasemao Kifaransa walilitafsiri kwa ustadi kuwa "partagiciel".

Utaratibu huo ulitegemea hisani ya mtumiaji, na watunzi wa michezo waliona kwamba wachezaji wengi hawalipi. Scott Miller wa Texas, mwenye kampuni ya Apogee, alipata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1987, kwa michezo yake ya mafumbo iitwayo Kroz (jina la mchezo mashuhuri Zork lililosomwa kinyumenyume), aligawa sehemu ya kwanza bila ya malipo, na kuziuza sehemu zilizofuata kwa njia ya posta. Mfano uliopata umaarufu zaidi ni Commander Keen, mchezo wa majukwaa uliotolewa na Apogee mwezi Desemba 1990. Sehemu yake ya kwanza, inayomhusu mtoto wa miaka minane aliyekwama katika sayari ya Mirihi, iligawiwa ovyo. Sehemu mbili zilizofuata ziliuzwa. Ustadi wa mchezo huo ulitokana na mbinu ya John Carmack, ambaye badala ya kuichora upya skrini nzima kila mhusika alipopiga hatua, alichora vipande vilivyobadilika tu. Kwa njia hiyo kompyuta ya kawaida ya ofisini iliweza kuonyesha mandhari inayosogea kwa ulaini.

Msomaji anayeijua soko ya Uvira hatapata shida kuuelewa utaratibu wa Miller, mradi asiuchanganye na matabishi. Matabishi, neno lililoingia katika Kiswahili cha Kongo kutokana na Kireno "matabicho", ni nyongeza anayopewa mnunuzi. Huja baada ya bei kukubaliwa, na huwa mali yake. Kionjo hutangulia mauzo. Muuza asali anayekudondoshea tone kiganjani hajakupa asali; amekualika uinunue. Sehemu ya kwanza ya Commander Keen ilikuwa tone hilo. Na kwa mtu aliyekuwa Uvira katika Zaire ya miaka hiyo, kuipeleka hundi ya dola hadi Texas na kungoja disketi kwa posta ilikuwa karibu na muhali. Mbali na kituo cha biashara hiyo, kionjo ndicho kilichokuwa mchezo mzima.

3. Hali nne zinazoitwa bure

3.1 Kionjo. Hii ndiyo hali tuliyokwisha kuieleza. Sehemu ya kwanza yaweza kuchezwa na kunakiliwa bila ya malipo, lakini kazi yote bado ina mwenyewe. Haki za Commander Keen zimebaki kwa kampuni ya id Software, ambayo ilinunuliwa na ZeniMax mwaka 2009. Nayo ZeniMax ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2021. Miaka zaidi ya 30 imepita, na milki haikupotea njiani. Ilihama tu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

3.2 Bure. Hapa mwenye kazi ametangaza kwamba mchezo mzima, ambao zamani uliuzwa, sasa waweza kuchukuliwa bila ya malipo. Mfano mzuri ni SkyRoads wa mwaka 1993, ambamo mchezaji huendesha chombo kinachoruka juu ya njia zilizokatika angani. Mchezo huo ulitungwa na kikundi cha Bluemoon cha Estonia, na baadhi ya vijana wake, akiwamo Jaan Tallinn, baadaye walishiriki katika kuiunda Skype. Kwamba nchi ndogo iliyokuwa imejipatia tena uhuru wake mwaka 1991 iliweza kutoa kazi kama hiyo ni jambo la kuwatia moyo vijana wa mahali pengi. Hata hivyo, ruhusa iliyotolewa ni ya kuucheza. Mtunzi hakutoa pamoja nayo msimbo, yaani maandiko ya amri aliyoyaandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Na asiye na msimbo ni vigumu aubadilishe mchezo, hata kama hakuna wa kumzuia.

3.3 Huria. Katika hali hii mwenye kazi hutoa msimbo wenyewe, pamoja na leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuisambaza nakala aliyoibadilisha. Mwezi Machi 2009 michezo yote ya Kroz ilitolewa bila ya malipo, na msimbo wake ukawekwa chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo ina sharti moja kubwa: anayeisambaza kazi aliyoibadilisha lazima na yeye aitoe kwa masharti yale yale. Msomaji anayeujua wakfu ataiona sura yake hapa, kwa kuwa kitu kilichowekwa wakfu kwa manufaa ya watu hakirudi tena kuwa mali ya mmoja. Mfano huu haukamiliki, kwani nakala ya programu huria yaweza kuuzwa. Lakini unaeleza kwa nini aliyepokea hawezi kumfungia mwenziwe mlango aliofunguliwa yeye.

Mfano wa pili ni ZZT, mchezo wa mafumbo wa mwaka 1991 uliotungwa na Tim Sweeney, mwasisi wa kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Epic. Msimbo wake wa awali ulipotea. Mwaka 2020 msimbo uliojengwa upya kwa kuichunguza programu yenyewe ulitolewa chini ya leseni huria kwa idhini ya Sweeney.

Yafaa pia kutaja kwamba mchezo waweza kuwa huria nusu. Msimbo wa Doom, ulioanza kugawiwa kwa njia ya kionjo Desemba 1993, ulitolewa hadharani mwaka 1997 na kuwekwa chini ya GPL mwaka 1999. Lakini picha, sauti na ramani zake hazikutolewa. Injini ni ya wote, mzigo ni wa mwenyewe.

3.4 Miliki ya wote. Hii ni kazi isiyo na mwenyewe kabisa. Katika michezo ya kompyuta ni vigumu kuipata, lakini ufuoni mwa Tanganyika mfano uko karibu. Ng'ambo, huko Burundi, huchezwa ikibuguzo, ndugu wa igisoro ya Rwanda na wa bao la pwani, wenye safu nne za mashimo manane. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 uchunguzi wake juu ya michezo ya ukoo huu katika Zaire, Rwanda na Burundi. Hakuna anayeweza kudai ujira kwa mtu kuchimba mashimo mchangani na kupanda kete. Kanuni za mchezo huo ni za kila anayezijua.

Kuna watu wanaodhani kwamba mchezo wa kompyuta ulioachwa kuuzwa nao huangukia katika kundi hili. Sivyo. Mkataba wa Berne, ambao Kongo ni mwanachama wake, huilinda kazi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Na mapatano ya mwaka 1994 ya Shirika la Biashara Duniani yanazihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za fasihi. Watunzi wengi wa michezo tuliyoitaja bado wako hai. Kuzeeka kwa mchezo, kutelekezwa kwake na mwenyewe, au kuonekana kwake katika mkusanyo mkubwa wa michezo ya DOS uliofunguliwa na Internet Archive mwaka 2015, hakuufanyi kuwa miliki ya wote.

4. Tofauti hizi zinavyoigusa sarufi

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mchezo waweza kuchezwa bila ya malipo, mwalimu ana haja gani na mengine? Jibu limo katika sarufi ya Kiswahili.

Tuchukue mchezo wa Kroz. Mchezaji hutembea ndani ya mapango akikusanya vitu, na vitatu kati ya hivyo ni vito, mijeledi na funguo. Kwa bahati njema, majina hayo matatu yamo katika ngeli tatu mbali mbali. Msimulizi wa mchezo angetakiwa aseme: umepata kito kimoja, vito viwili, umepata mjeledi mmoja, mijeledi miwili, umepata ufunguo mmoja, funguo mbili. Vikimalizika, aseme vito vimekwisha, mijeledi imekwisha, funguo zimekwisha. Programu iliyotungwa kwa Kiingereza haina habari ya mambo haya. Kwa kawaida huchukua tarakimu, ikaiambatanisha na jina, na kuongeza herufi moja mwishoni ili kuonyesha wingi. Mfasiri akibadilisha maneno tu bila ya kuugusa msimbo, atapata sentensi kama "umepata 2 kito", ambayo mwalimu hawezi kumwonyesha mwanafunzi.

Mwenye msimbo anaweza kuirekebisha hali hiyo kwa mistari michache. Ataandika jedwali dogo lenye umoja na wingi wa kila jina pamoja na viambishi vyake, kisha aiambie programu kwamba moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na jina, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kanuni ambayo mwanafunzi huikariri kwa taabu inakuwa sehemu ya mchezo, naye huisoma kila anapookota kito.

ZZT inatupa funzo jingine, kwa kuwa ndani yake mna kihariri ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia kujenga ulimwengu wake. Maneno wanayosema wahusika wa ulimwengu huo huandikwa na mjenzi mwenyewe, hivyo yaweza kuwa ya Kiswahili tangu mwanzo. Picha zote ni alama na herufi za kawaida za DOS. Na kwa kuwa tahajia ya Kiswahili haina herufi wala alama zisizokuwamo humo, hakuna kinachohitaji kuongezwa. Lakini orodha ya afya, risasi, mienge na vito iliyo ubavuni mwa skrini imo ndani ya programu yenyewe. Kabla ya mwaka 2020 orodha hiyo ilikuwa ngumu kufikiwa, sasa inafikika. Mstari unaotenganisha bure na huria unapita katikati ya skrini moja.

Kwa Uvira kuna jambo la ziada. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kivu upatanisho wa ngeli hupungua, na udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, kama katika "katoto" na "tutoto". Mwanafunzi huyo huyo yumkini nyumbani husema Kifuliiru au Kivira, lugha ambazo mfumo wake wa ngeli ni timilifu. Mwalimu anaweza kupenda mchezo wake ufuate Kiswahili sanifu ili umzoeze mwanafunzi na vitabu, au uanze na usemi wa mtaani na kumpeleka polepole kwenye usanifu. Leseni huria inampa uwezo wa kutoa matoleo yote mawili. Haki ya kutafsiri, kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, ni ya mtunzi; asipoitoa mwenyewe, mwalimu hana pa kuanzia.

5. Pendekezo la istilahi

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenga hali hizi, ila hatujayapanga. Neno bure lina maana ya pasi na malipo, lakini lina pia maana ya pasi na faida, kama tusemapo kwamba mtu amesumbuka bure. Haliashirii kabisa ruhusa ya kubadilisha. Wasemaji wa Kiingereza wana tatizo lao, kwani kwao neno moja husimama mahali pa bure na pa huru. Mkongo mwenye elimu ya Kifaransa hana tatizo hilo: amekwisha kuzoea kutenga "gratuit" na "libre". Anachohitaji ni kuuhamishia utengano huo katika Kiswahili chake.

Neno huria limekwisha kupata makazi katika lugha. Tunalo katika soko huria, na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoundwa mwaka 1992. Katika uwanja wa kompyuta lilipata nguvu kupitia kazi kama ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo wa programu hizo ulikuwa wazi. Yafaa basi programu huria litumike kwa kazi zenye msimbo na leseni ya kuubadilisha, wala lisitumike kwa kila kisicholipiwa.

Kwa programu zinazogawiwa bila ya malipo na bila ya msimbo, wapo watakaovutiwa na neno hiba. Tunaona halifai. Hiba humhamishia mpokeaji milki; aliyepewa mbuzi kwa hiba anaweza kumchinja au kumwuza. Aliyepewa SkyRoads hakupewa milki, amepewa ruhusa ya kutumia. Neno bure, likibanwa katika maana ya kutolipa tu, latosha. Kwa hali ya kwanza tunapendekeza programu ya kionjo. Kwa hali ya nne, mali ya umma ni istilahi yenye hatari, kwa sababu masikioni mwa wengi humaanisha mali ya serikali. Miliki ya wote yaeleza zaidi.

Hatuna haja ya kungoja kukubaliana kwanza kuhusu kila neno la fani hii. Tanzania husema kompyuta, Kenya husikika pia tarakilishi, na Mkongo mara nyingi hutumia neno la Kifaransa. Na watu wanaelewana. Lakini palipo na ruhusa na katazo, utata wa neno humwingiza mtu hasarani.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba michezo ya zamani ya DOS inayosemwa kuwa ya bure imo katika hali tatu, yaani kionjo, bure na huria, na kwamba hali ya nne, miliki ya wote, ni ya bao na ndugu zake kuliko ya kompyuta. Kwa anayetaka kujiburudisha, tofauti hizo ni ndogo. Kwa mwalimu wa Kiswahili ni kubwa, kwani ni hali ya tatu peke yake inayomwezesha kuingiza ndani ya mchezo upatanisho wa ngeli.

Kwa hiyo idara au chuo kitakachotaka kuandaa mazoezi ya namna hii kwa shule za ufuo wa Tanganyika kifanye mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza, kisome leseni kabla ya kuufungua mchezo. Pili, kianze na kazi ndogo zenye msimbo, kama Kroz na ZZT, ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuzielewa katika muhula mmoja. Tatu, kazi itakayotokana na hapo nayo itolewe kwa leseni huria, ili mwalimu wa Baraka, Fizi au Kigoma aweze kuipokea na kuirekebisha kwa Kiswahili cha wanafunzi wake bila ya kuomba ruhusa upya.